Kadi Inayosema Bila Kusikia

Mhadhara wa wazi uliotolewa Maliba, Wilaya ya Kasese



Nimeombwa nizungumzie hitilafu moja tu, nami nashukuru kwamba ni moja, kwa sababu inahitaji muda. Kompyuta inafanya kazi. Taa ya kadi ya mtandao inawaka, waya umekaa sawasawa, na ukiangalia hesabu unaona pakiti zinatoka. Lakini hakuna inayoingia. Jana ilikuwa inapokea, leo haipokei, na hakuna ujumbe wa kosa kwenye skrini. Ukizima na kuwasha, inapona. Siku chache baadaye inarudia yale yale.

Kwa nini tukusanyike Maliba kwa ajili ya jambo dogo kama hili? Kwa sababu huku kwetu si dogo. Kampala iko zaidi ya kilomita 300 kutoka hapa, na fundi wa huko hapandi gari kuja kuangalia kadi moja. Tangu mwaka 2012 takwimu za afya za Uganda zinapelekwa kwa mfumo wa DHIS2, yaani kwa mtandao. Mwezi Juni 2019 Ebola ilivuka mpaka kutoka Kongo, ikathibitishwa kwa mgonjwa wa hospitali ya Bwera. Katika siku kama zile, kompyuta inayotuma maombi bila kusikia majibu ni hatari kwa watu. Nataka pawepo hapa hapa, kati ya Maliba na Bwera, watu wanaoweza kusema pakiti imekwama wapi, badala ya kusema tu kwamba mtandao ni mbaya.

Nianze na jambo ambalo mafundi wengi hawajaambiwa. Keneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo unaoendesha kompyuta, ina mlinzi wa upande wa kutuma. Kadi ikikabidhiwa pakiti isithibitishe kwamba imeituma, basi baada ya muda (sekunde 5, kama draiva, yaani programu inayoiendesha kadi, haikupanga muda mwingine) keneli huandika ujumbe wenye maneno NETDEV WATCHDOG, kisha huiamuru draiva iianzishe kadi upya. Upande wa kupokea hauna mlinzi wa namna hiyo. Si uzembe wa walioiandika. Anayetuma anajua alichotuma, ila anayepokea hana njia ya kujua alichotumiwa. Kimya kinaweza kuwa ni ugonjwa, na kinaweza pia kuwa ni kimya tu, hakuna aliyesema.

Sisi tunaijua tofauti hiyo kwa kuipitia. Jioni ya tarehe 13 Januari 2021, mkesha wa uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa Uganda nzima, ikarudi tarehe 18. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za chini ya bahari za EASSy na SEACOM zilikatika, na nchi kadhaa za Afrika Mashariki zikabaki na mtandao wa kusuasua. Siku hizo zote kadi zetu zilikuwa nzima. Aliyefungua kompyuta akabadilisha kadi alipoteza pesa ya mteja bure. Kwa hiyo swali la kwanza halihusu intaneti kabisa. Uliza kama kompyuta hii inasikia kompyuta nyingine iliyo kwenye swichi ile ile, chumba kile kile. Kama inaisikia, kadi iache, hitilafu iko mbele zaidi. Kama haiisikii, tuendelee.

Sasa tuingie ndani ya kadi. Wazee mliofanya kazi mgodi wa Kilembe mtanisahihisha nikikosea. Reli ilifika Kasese mwaka 1956, na shaba ya Kilembe ikawa inapakiwa kwenye mabehewa kwenda kuyeyushwa Jinja. Mgodi ungeweza kuwa na mzigo tele na wafanyakazi hodari, lakini mabehewa matupu yasiporudi Kasese hakuna kinachoondoka. Kadi ya mtandao hupokea kwa mpango huo huo. Haina ghala la maana ndani yake. Ina nafasi ndogo tu ya kushikilia pakiti kwa muda mfupi sana. Draiva huitengea nafasi tupu katika memori kuu ya kompyuta, huziandika katika orodha inayozunguka, na kila mstari wa orodha una alama ya umiliki. Alama ikiwa ya kadi, kadi inaruhusiwa kuijaza nafasi hiyo. Ikishajaza huigeuza alama kuwa ya draiva, kisha hutuma katizo, yaani ishara ya kumwambia prosesa aache alichokuwa akifanya aje achukue. Draiva huchukua pakiti, huipeleka juu kwenye keneli, na hapo hapo inapaswa kurudisha nafasi tupu na kuigeuza alama iwe ya kadi tena. Katika draiva ya r8169, inayoendesha kadi za Realtek zilizojaa kwenye kompyuta za bei nafuu tunazonunua, orodha ya kupokea ina nafasi 256.

Angalieni vizuri ile hatua ya kurudisha. Draiva inapokuwa katikati ya kupokea hairuhusiwi kulala wala kusubiri. Inaomba memori, na jibu ni la papo hapo, imepata au imekosa. Kompyuta yenye memori ndogo inayoendesha programu nyingi itafika mahali ikakosa. Draiva iliyoandikwa bila uangalifu hupeleka pakiti juu, huacha mstari wake bila nafasi, na kujiahidi kwamba itajaribu tena pakiti nyingine ikija. Ikija nyingine, inakosa tena. Nafasi 256 zinapungua moja moja mpaka zinaisha zote. Hapo kadi haina pa kuweka kitu, kwa hiyo haipokei. Kwa kuwa haipokei, hakuna katizo la pakiti. Kwa kuwa hakuna katizo, draiva haiitwi kuja kupokea. Na kwa kuwa haiitwi, haipati tena nafasi ya kuomba memori. Kadi inangoja draiva, draiva inangoja kadi. Hata memori ikipatikana tele sekunde moja baadaye, hakuna atakayekwenda kuichukua. Kutuma kunaendelea kama kawaida, maana kuna orodha yake nyingine. Hii ndiyo kadi inayosema bila kusikia.

Waandishi wa draiva wanalijua shimo hili. Rusty Russell, aliyeandika virtio_net, draiva ya mtandao ya kompyuta za kufikirika zinazoishi ndani ya seva, aliacha maelezo ndani ya msimbo akionya kwamba orodha ikibaki tupu kabisa haitajazwa tena milele; ndiyo sababu draiva ile hujipangia kazi ya baadaye ya kurudi kujaribu. Draiva za Intel za e1000 na e1000e zina kazi inayoamka kila baada ya sekunde 2 hivi, na mojawapo ya mambo inayoyafanya ni kuandika kwenye rijista ya kadi, yaani kisanduku chake kidogo cha amri, ili kadi itoe katizo la kujitakia, hata kama hakuna pakiti, ili draiva ije ipitie orodha ya kupokea. Mimi napenda sana ule mstari mmoja wa Intel. Aliyeuandika alikubali kwamba kimya hakiaminiki.

Lakini dawa iliyonifundisha zaidi imo katika r8169 yenyewe. Mwishoni mwa 2009 ilitangazwa kwamba kwa kadi hizi mtu angeweza kutuma pakiti kubwa kupita kiasi ikapita ulinzi wa draiva. Dawa ya kuaminika ilikuwa kuipa kadi nafasi kubwa kuliko ukubwa wowote inaoweza kuandika, yaani baiti 16383 kwa kila mstari. Sasa ukiongeza baiti ambazo keneli huhitaji ili kushughulikia pakiti, unavuka 16384, na memori hutolewa kwa mafungu yanayoongezeka maradufu, kwa hiyo kila nafasi ikawa inakula baiti 32768: kurasa 8 za baiti 4096 zilizopangana bila pengo. Kompyuta iliyokaa wiki nzima bila kuzimwa inaweza kuwa na memori huru nyingi lakini imekatikakatika, na kurasa 8 zinazofuatana zikakosekana. Mwezi Oktoba 2010 Eric Dumazet aliubadilisha mpango huo. Nafasi 256 zitengwe mara moja, mwanzoni, na zisitoke kamwe kwenye orodha. Pakiti ikija, inakiliwa kwenye kipande kidogo kipya, na nafasi kubwa inarudi kwa kadi pale pale. Zikaokolewa megabaiti 4 kwa kila kadi, nalo si jambo dogo kwa kompyuta zetu. Lakini faida ninayotaka muione ni nyingine. Memori ya kunakilia ikikosekana, pakiti ile moja inatupwa, basi. Aliyeituma ataituma tena. Itifaki ya TCP iliundwa kwa ajili hiyo. Nafasi tupu imerudi, kadi inaendelea kusikia. Mzigo mmoja umepotea, behewa limebaki relini.

Hapa mezani nimeweka kompyuta mbili na swichi moja. Ya kushoto ina chipu ya RTL8168, inayoendeshwa na r8169, na draiva hiyo nimeiharibu kwa makusudi: nimeondoa ule uangalifu wa 2010, nikaifanya ikose memori mara kwa mara. Imeshakwama tangu tulipokuwa tukisalimiana. Tuipime pamoja, na ninaomba asiguse mtu kitufe cha kuzimia. Hesabu zote tunazozihitaji ziko hai ndani ya kadi na keneli. Ukizima zinarudi sifuri na ushahidi umekwenda.

Kwanza naandika `ip -s link`. Mstari wa TX, yaani wa kutuma, unaongezeka; mstari wa RX, wa kupokea, umesimama. Nasubiri, naandika tena, RX ni ile ile. Hii ni hesabu ya keneli, ya kile kilichofika juu.

Pili, shahidi wa nje. Kwenye kompyuta ya kulia naendesha `tcpdump`, inayoonyesha pakiti zinazopita. Mnaona kila sekunde linakuja ombi la ARP kutoka kushoto likiuliza nani mwenye anwani fulani, na kompyuta ya kulia inajibu papo hapo. Ombi, jibu, ombi, jibu. Nikiendesha `tcpdump -p` upande wa kushoto naona maombi matupu bila jibu hata moja. Kwa hiyo waya ni mzima, swichi ni nzima, jirani anajibu, na jibu linapotelea kati ya tundu la kadi na keneli ya kushoto. Hiyo herufi p msiisahau. Bila hiyo, tcpdump huifungulia kadi milango yote ipokee kila kitu, na kwa kadi nyingine kitendo hicho peke yake huandika upya kichujio cha kupokea. Mgonjwa anapona mbele yako na hujui kilichomponya. Ikikutokea hivyo, usiitupe habari hiyo: kupokea kukirudi pale tu tcpdump inapowashwa bila p, mshuku kichujio cha anwani, wala si orodha ya nafasi.

Tatu, naiuliza kadi yenyewe: `ethtool -S`, kisha jina la kadi. Hizi ni hesabu zilizowekwa na chipu, si na keneli. Tazameni mstari wa rx_missed. Unapanda. Kadi inasema: pakiti zilinifikia, nilizitambua, nikakosa pa kuziweka. Kama mstari huo ungekuwa umesimama na rx_errors ndiyo inapanda, ningerudi kwenye waya na kichwa chake. Kama vyote vimesimama, kadi haisikii chochote, na hapo ningejaribu tundu jingine la swichi.

Nne, `cat /proc/interrupts`, natafuta mstari wa kadi, nasoma mara mbili kwa kupishanisha sekunde chache; maana yake nitaieleza punde. Na tano, `dmesg`. Huu hapa ujumbe wa keneli wa page allocation failure, ulioandikwa dakika ile ile RX iliposimama. Wengi huupita ujumbe huu kwa sababu mstari wake wa kwanza haulitaji neno mtandao, lakini ukiuweka kando ya rx_missed inayopanda, hadithi imekamilika: memori ilikosekana, nafasi hazikurudi, kadi imejaa.

Mpangilio huo hauhitaji chuo kikuu. Unahitaji kufuata pakiti hatua kwa hatua, waya, chipu, orodha ya nafasi, katizo, keneli, programu, na kila hatua kuna anayehesabu. Unatafuta jozi moja tu: hatua ambayo hesabu yake inapanda, inayofuatwa na hatua ambayo hesabu yake imesimama. Kati ya hizo mbili ndipo pa kufungua. Hesabu ya keneli ikiwa inapanda na programu haipati kitu, basi draiva haina hatia, kaangalie faya-woli.

Kuna aina ya pili ya kukwama ambayo dmesg haitaisema, na niifafanue ingawa ni ngumu kidogo. Mwaka 1996 Jeffrey Mogul na K. K. Ramakrishnan walieleza jinsi kompyuta inavyoweza kuzama kwa makatizo. Kwenye waya wa megabiti 100 kwa sekunde, pakiti ndogo kabisa zinaweza kufika karibu 148,800 kwa sekunde moja, na kila moja ikimkatiza prosesa, prosesa hafanyi kitu kingine ila kukatizwa. Mwaka 2001 Jamal Hadi Salim, Robert Olsson na Alexey Kuznetsov waliwasilisha mpango wa Linux unaoitwa NAPI.  Kwa NAPI, katizo la kwanza likija draiva inafunga makatizo ya kupokea, kisha inapita orodhani yenyewe ikichukua pakiti kwa mafungu, kwa kawaida zisizozidi 64 kwa zamu. Orodha ikiisha, inatangaza imemaliza na kufungua makatizo tena.

Hatari iko katika upenyo mdogo baada ya draiva kuona orodha imeisha na kabla haijafungua makatizo. Pakiti ikiingia hapo hapo, kadi haikutuma katizo kwa sababu yalikuwa yamefungwa, na draiva haiangalii tena kwa sababu imeshatosheka. Pakiti inabaki pale ikioza. Mara nyingi pakiti inayofuata huleta katizo na zote mbili huchukuliwa. Unaona uchelewaji tu. Lakini kuna chipu ambazo hazitoi katizo jipya mpaka lile la zamani lifutwe kwenye rijista, na kwa hizo kimya ni cha kudumu. Dalili yake ndiyo ile hatua ya nne: hesabu ya makatizo imesimama, rx_missed inaanza kupanda orodha ikishajaa, na dmesg iko safi. Dawa yake ni mpangilio: futa alama ya katizo kwanza, fungua makatizo, kisha angalia orodha mara moja zaidi kabla ya kuondoka. Kwenye kompyuta ndogo za ARM ongezeni uangalifu, kwa sababu prosesa hao huruhusu maandishi mawili yafike memorini kwa mpangilio tofauti na ulivyoyaandika. Draiva ikigeuza alama ya umiliki kabla anwani ya nafasi haijatua, kadi itaandika mahali pasipofaa.

Najua wengi wenu hamtaandika draiva. Kuna mambo mnayoweza kuyafanya kesho. Umeme wetu unakatika, ingawa mitambo ya umeme ya Mubuku iko hapa jirani Bugoye, na ukikatika hesabu zinafutika kabla fundi hajafika. Basi wekeni kazi ya cron, yaani inayojirudia yenyewe kwa saa, inayoandika kila dakika tarehe, `ip -s link`, `ethtool -S` na `/proc/interrupts` kwenye faili moja. Faili hilo likiletwa kwangu au kwa yeyote kati yenu, dakika ya kukwama itaonekana wazi. Angalieni pia keneli ni ya mwaka gani. Nimekutana na mashine zinazoendesha keneli za kale ambazo dawa yake imeshaandikwa miaka mingi iliyopita, na kuisasisha kunagharimu data tu. Na kama mashine ina memori ndogo, kuna mpangilio wa vm.min_free_kbytes unaoiambia keneli ibakize akiba kwa maombi yasiyoweza kusubiri, kama haya ya draiva. Ongezeni kwa kiasi. Mkiongeza kupita kiasi programu zitakosa hewa.

Tumalizie kazi ya mezani. Nairudisha draiva nzima kwenye kompyuta ya kushoto, ile inayonakili pakiti na kurudisha nafasi hapo hapo, lakini uhaba wa memori nauacha vile vile. Kutoka kulia naanza `ping -f`, pakiti kwa mafuriko. Nukta zinazoongezeka kwenye skrini ni majibu yaliyopotea, na yanapotea mengi. Someni RX upande wa kushoto: inapanda. Nasimamisha ping, naiachilia memori, naanza tena. Nukta hakuna. Tutaiacha hivi, uhaba ukija na kuondoka, mpaka kesho mchana, na vijana wawili waliojitolea watasoma faili la cron pamoja nami. RX ikiwa haijasimama hata dakika moja, draiva hii ndiyo tutakayoiweka kwenye mashine za vituo.